Eko imeshafanyika, sasa CT ya moyo wa mtoto ya nini tena?

Hili swali wazazi wananiuliza sana na kwa kweli wana haki ya kuuliza, mana mpaka mtu anafika mlango wa chumba cha CT kashapita pengi. Mtoto akinyonya anaachia achia ziwa huku jasho linamtoka kichwani, akilia midomo inageuka bluu, uzito haupandi, wamezunguka mpaka daktari mmoja akamsikiliza kifuani akagundua kuna kitu, wakafanya eko, kile kipimo cha kuangalia moyo kwa mawimbi ya sauti, wakaambiwa mtoto ana tatizo la moyo la kuzaliwa nalo, na wakati hilo lenyewe bado halijawashuka kooni wanapewa karatasi nyingine imeandikwa CT, yani picha za mionzi zinazoonyesha mwili kipande kwa kipande. Mi ni mtaalamu wa mionzi, nafanya kazi kwenye hicho chumba. Siyo daktari bingwa wa moyo wala siyo daktari wa kusoma picha, ila ndo ninayemlaza mtoto mezani na kubonyeza, na nimekaa na hawa madaktari muda wa kutosha kujua wanatafuta nini. Pale mlangoni huwa sina nafasi ya kulijibu vizuri na inaniuma, kwa hiyo leo nalijibu hapa kwa urefu.

Kwanza eko haijakosea. Watu wakisikia kipimo kingine wanadhani cha kwanza kilikuwa hovyo, hapana. Katika kila watoto 100 wanaozaliwa karibu 1 ana kasoro ya moyo, na wengi wao eko peke yake inatosha kabisa. Haina mionzi, inaonyesha moyo ukipiga, vali zikifunguka na kufunga, damu inapita upande gani na kwa kasi gani. Tundu la kawaida kati ya vyumba vya moyo, bila kingine chochote, kwa kawaida halihitaji CT, na kama umeandikiwa CT kwa kitu kama hicho uliza kwa nini, hakuna daktari mzuri atakayekasirika.

Shida ni kwamba eko inatumia mawimbi ya sauti, na hayo mawimbi hayapiti vizuri kwenye hewa wala kwenye mfupa. Sasa moyo umekaa wapi? Katikati ya mapafu mawili yaliyojaa hewa, mbele kuna mfupa wa kifua, pembeni mbavu. Daktari anatafuta vinafasi, katikati ya mbavu, chini ya kifua, juu pale shingoni, ni kama kumulika chumba kwa tochi kupitia upenyo wa mlango. Kwa mtoto mchanga moyo wenyewe anauona vizuri sana, lakini mishipa ikishatoka nje ya moyo ikaingia ndani ya mapafu, au ikajikunja nyuma ya bomba la hewa, hapo anaipoteza. Na kasoro nyingi ngumu ziko huko huko nje.

Chukua tetralojia ya Fallot, ambayo ndo inaongoza kwa kasoro zinazofanya watoto wawe bluu. Ni mambo manne kwa pamoja, tundu kubwa kati ya ventrikali mbili (vyumba vya chini vya moyo), njia ya damu kwenda mapafuni imebanwa, aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini, imekaa juu ya lile tundu, na ventrikali ya kulia imekuwa nene kwa kusukuma kwa shida. Yote manne eko inayaona. Ila daktari wa upasuaji bado ana maswali yake: ateri za mapafu, mishipa inayopeleka damu mapafuni, ya kulia na ya kushoto, zina upana gani mpaka kule ndani? Zimeungana au moja imekatika? Kwa sababu kama ni nyembamba mno afu yeye akafunga tundu, ventrikali ya kulia itabaki inasukuma damu isiyokuwa na pa kupita.

Afu kuna suala la mishipa ya koronari, ile inayoulisha moyo wenyewe, na hili watu wengi hawalijui. Kwa baadhi ya watoto wa Fallot mshipa mkubwa wa koronari unapita mbele kabisa, juu ya ile sehemu iliyobanwa ambayo daktari anatakiwa aipasue aipanue. Akipitisha kisu pale bila kujua ameukata mshipa unaolisha moyo. Ule mshipa kwa mtoto mchanga upana wake ni milimita moja moja tu hivi, na CT nzuri inauonyesha unapotokea na unapopita kabla mtu hajashika kisu. Mi huwa nikimaliza kuscan mtoto wa Fallot kitu cha kwanza nakitafuta kwenye skrini ni huo, hata kabla daktari wa picha hajafika, siwezi kujizuia.

Kuna hali nyingine ambapo njia ya kutoka moyoni kwenda mapafuni haipo kabisa, imeziba. Mtoto anaishi kwa sababu mwili umejitafutia mishipa ya ziada kutoka kwenye aota kwenda mapafuni, mingine imenyooka, mingine imejipinda pinda, mingine inalisha kipande kimoja tu cha pafu. Daktari wa upasuaji atataka kuikusanya ile mishipa aiunganishe sehemu moja, kwa hiyo lazima ajue ipo mingapi, kila mmoja unatoka wapi, unapita mbele au nyuma ya bomba la hewa, unaishia kwenye pafu gani. Huo ndo ramani hasa, na ramani hiyo eko haiwezi kuichora.

Ila kasoro iliyonifundisha kuiheshimu hii kazi ni ile ya vena za mapafu, mishipa inayorudisha damu moyoni, kupotea njia. Kawaida damu yenye oksijeni ikitoka mapafuni inarudi upande wa kushoto wa moyo kupitia vena nne. Kuna watoto ambao zote nne hazifiki kushoto, zinaungana nyuma ya moyo afu zinatafuta njia nyingine, na kuna aina moja ambapo unaona mshipa mmoja unashuka chini, unapita kwenye diaframu, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, unaingia mpaka kwenye mishipa ya ini. Yani damu safi kutoka mapafuni inakwenda kuzunguka kwenye ini ndo irudi moyoni! Na mara nyingi hiyo aina inabanwa njiani, mapafu yanajaa maji, mtoto ana siku moja mbili tangu azaliwe na kila mtu anadhani ni nimonia au mapafu hayajakomaa. Hapo hakuna kusubiri, ni upasuaji wa dharura. Ndo maana tukiambiwa mtoto wa vena za mapafu anakuja, siishii kifuani, nashusha picha mpaka kwenye ini, mana ukikatisha juu ya tumbo umekosa jibu lenyewe.

Na wapo watoto wasio na ubluu kabisa, wanakuja kwa kukoroma. Kila wakipumua kuna mlio, wakianza kula vigumu wanapaliwa, wametibiwa pumu mara nyingi, wamepewa antibayotiki za kifua mpaka mama kachoka. Kumbe aota imegawanyika mbili, moja imepita kulia na nyingine kushoto, zikakutana nyuma na kulizingira bomba la hewa pamoja na umio. Mtoto kavaa pete ndani ya kifua. CT inaonyesha mishipa na bomba la hewa kwa wakati mmoja, unaona kabisa pale linapominywa, na hiki ndo kitu naipendea CT, kwamba haiangalii moyo peke yake, kila kilichomo kifuani kipo pale.

Hata upande tu, kulia na kushoto, unasomeka. Kawaida tawi la kulia la bomba la hewa ni fupi na limesimama, la kushoto ni refu na limelala. Kuna watoto ambao matawi yote mawili yanafanana, wanakuwa na kulia mbili au kushoto mbili, na hao mara nyingi moyo wao una kasoro ngumu sana na wengu unaweza kuwa haupo au ukawa vipande vipande. Kukosa wengu maana yake mtoto hana kinga nzuri dhidi ya baadhi ya bakteria, anahitaji chanjo na wakati mwingine antibayotiki za kuzuia. Mtoto kaja kwa ajili ya moyo na picha imekuambia jambo la kuokoa maisha yake kwa upande mwingine kabisa.

Basi tuje kwenye kazi yenyewe. Wazazi wengi wanaogopa mashine, mimi naogopa sindano. Simaanishi kuchoma, namaanisha kila kitu kinachozunguka ile kanula, kimrija kinachoachwa kwenye mshipa. Mtoto wa Fallot akilia sana anaweza kupata shambulio la ubluu, njia ya mapafuni inajibana ghafla, anageuka rangi, analegea. Ndo maana kanula tunataka iwekwe mapema wodini, atulie, abembelezwe, aje kwetu akiwa ameshasahau. Sitaki mtoto achomwe juu ya meza ya CT.

Dawa ya kontrasti, ile yenye iodini inayofanya damu ing'ae kwenye picha, kwa mtoto tunaipima kwa uzito, mara nyingi mililita 1 mpaka 2 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 3 anapata mpaka mililita 6 hivi, kijiko cha chai na kidogo juu yake. Ni kidogo mno kwa hiyo ukianza picha sekunde chache mapema haijafika, ukichelewa imeshapita.

Na mapovu. Hapa naomba mnisome taratibu. Kwa mtu wa kawaida povu dogo la hewa likiingia kwenye mshipa wa mkono linakwenda upande wa kulia wa moyo, linaishia mapafuni, linayeyuka. Mtoto ambaye damu yake inavuka kutoka kulia kwenda kushoto hana huo ulinzi, povu linaweza kuvuka tundu, likaingia aota, likaenda kwenye ubongo. Kwa hiyo kabla sijaunganisha chochote nauinua mrija kwenye mwanga, naugonga gonga kwa kucha, napitisha maji ya chumvi, naangalia kila kiungio hasa ile koki ya njia tatu mana mapovu yanapenda kujificha pale, nagonga tena. Ukiniona nimeinamia mrija na foleni imejaa nje, usinikasirikie mama, ndo kazi.

Hata mkono gani unawekwa kanula siyo suala la wapi mshipa umeonekana tu. Dawa ikiingilia mkono wa kushoto inapita kwenye vena inayokatiza mbele ya mishipa ya aota, na kama bado ni nzito inang'aa kupita kiasi, inatupa mistari kwenye picha, pale pale tulipotaka kuangalia panaharibika. Kwa hiyo tukitafuta shida ya tao la aota tunapenda mkono wa kulia au mguu. Na mtoto aliyeshafanyiwa upasuaji wa hatua, wale wenye ventrikali moja inayofanya kazi, ambao vena kubwa ya juu na baadaye ya chini zimeunganishwa moja kwa moja na ateri za mapafu, huyo ni hesabu nyingine kabisa. Ukimpa dawa mkononi ukapiga picha haraka, damu ya mikononi ina dawa na ya miguuni haina, zinakutana zikiwa hazijachanganyika na panatokea kivuli cheusi kinachofanana kabisa na damu iliyoganda. Mtu asiyejua historia ya mtoto anaweza kuandika mtoto ana bonge la damu na akaanzishiwa dawa za kuyeyusha damu bure. Wakati mwingine dawa ni kusubiri tu, dakika moja au zaidi, ichanganyike vizuri ndo upige, au upitishe dawa mkononi na mguuni kwa pamoja.

Kwa hiyo naomba sana, karatasi za upasuaji wa zamani zisiachwe nyumbani. Hata kama zimechakaa, hata kama huelewi kilichoandikwa. Mshono kifuani unaniambia alipasuliwa, hauniambii waliunganisha nini na nini.

Mambo ya kumlaza usingizi yamebadilika sana. CT ya kwanza kabisa ya mgonjwa ilipigwa mwaka 1971 London, kwa mashine ya Godfrey Hounsfield, na ilikuwa ya kichwa, kipande kimoja cha picha kilichukua dakika kadhaa. Moyo ulikuwa hauwezekani, unapiga muda wote. Moyo wa kichanga unapiga mara 140 hivi kwa dakika, yani pigo moja halifiki nusu sekunde. Leo mashine za kisasa zinazunguka duara zima kwa takriban robo sekunde, zipo zenye mirija miwili ya mionzi inayozunguka pamoja, na kifua cha mtoto kinaisha kabla hajamaliza pumzi moja. Kwa mashine kama hizo vichanga wengi hawahitaji nusu kaputi. Ananyonya anashiba, tunamfunga vizuri na shuka lake mikono ndani, taa tunapunguza, tunamsubiri alale mwenyewe, na nikishajua kalala hakuna anayeongea. Kazi ya mashine ni sekunde chache, kazi ya kubembeleza ndo ndefu.

Kwa mashine ya zamani kidogo, au mtoto wa miaka miwili asiyetaka kuguswa, dawa ya usingizi inaweza kuhitajika na hapo mtaambiwa asile kwa muda fulani. Fuateni muda huo huo, msipunguze lakini pia msiuongeze. Mtoto wa bluu damu yake ni nzito kwa sababu mwili umetengeneza chembe nyekundu nyingi kufidia oksijeni, akikaa na kiu masaa mengi inazidi kuwa nzito na ni hatari kwa ubongo. Ikiwa foleni imechelewa na mtoto hajanywa kitu tangu alfajiri, simama useme. Usione aibu.

Sasa mionzi. Silifichi hili. CT inatumia mionzi ya eksirei, na watoto wanadhurika nayo kwa urahisi kuliko wakubwa kwa sababu seli zao bado zinagawanyika kwa kasi na wana miaka mingi mbele yao. Hatari ya picha moja ni ndogo, ila haipo sifuri na inajumlishana. Kitu kizuri ni kwamba mtoto mdogo hahitaji nguvu ya mtu mzima, tunashusha volti za mashine mpaka kilovolti 80 au 70, tunapiga eneo linalotakiwa tu na kwa wakati unaotakiwa tu, na kwa mashine nzuri CT ya moyo wa kichanga inaweza kuwa chini ya milisiveti 1 (milisiveti ndo kipimo cha mionzi), wakati wastani wa mionzi ya asili anayopata mtu duniani kwa mwaka mzima, kutoka ardhini, hewani na angani, ni kama milisiveti 2.4. Lakini chumba kinachotumia seti za mtu mzima kwa mtoto kinaweza kumpa mara nyingi ya hapo bila sababu. Kwa hiyo swali la maana kwa mzazi ni hili, mnatumia mpangilio wa watoto? Ni swali fupi na jibu lake nalo liwe fupi.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, haina mionzi na inapima mtiririko wa damu vizuri kuliko sisi, ila inachukua muda mrefu, mara nyingi saa nzima, na mtoto mdogo mara nyingi lazima alazwe usingizi. Na kupima presha ndani ya vyumba vya moyo, CT haipimi. Hiyo bado ni kazi ya kateta, ule mrija unaopitishwa kwenye mshipa mpaka moyoni. Msishangae basi baada ya CT mkaambiwa kuna kateta.

Niseme kidogo kuhusu Helen Taussig mana kila nikichoka namkumbuka. Alikuwa daktari wa watoto Baltimore, Marekani, masikio yalikuwa yamempotea kwa hiyo alikuwa anausikiliza moyo kwa vidole, na kwa picha alikuwa na fluoroskopi tu, kivuli cha moyo kwenye skrini. Kwa kuangalia hivyo hivyo aligundua kwamba watoto wa bluu wanaharibika zaidi pale mshipa mmoja unaobaki wazi tangu tumboni unapofunga, akawaza, kwa nini tusiwatengenezee mwingine? Tarehe 29 Novemba 1944 Alfred Blalock alimfanyia mtoto upasuaji huo hospitali ya Johns Hopkins, huku Vivien Thomas, aliyeutengeneza maabara hatua kwa hatua, amesimama nyuma yake anamwelekeza. Upasuaji wa aina hiyo unaendelea kufanywa mpaka leo, ukiwa umeboreshwa kwa kuweka mrija mdogo, na mojawapo ya vitu tunavyopiga CT ni kuangalia kama mrija uko wazi au umeanza kuziba.

Picha zikitoka daktari wa redioloji anazisoma kipande kwa kipande, anaanza na upande, halafu vyumba vya juu, ventrikali, mishipa inayotoka, anapima. Anazigeuza zikawa umbo kamili linalozungushwa kwenye skrini, na sehemu nyingine wanachapa moyo wa plastiki wa mtoto huyo huyo daktari wa upasuaji aushike mkononi kabla ya siku yenyewe. Kwa hiyo ripoti kutotoka siku hiyo hiyo siyo lazima iwe uzembe, kesi ngumu inakaliwa kikao.

Baada ya CT mtoto akishaamka vizuri mnyonyeshe au mpe maji kama daktari hajakataza, inasaidia figo kutoa ile dawa. Angalia vipele, uvimbe usoni, kupumua kwa shida, na pale kanula ilipokuwa kama panavimba. Na kuna jambo moja linasahaulika sana: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilishauri watoto wa mpaka miaka 3 waliopewa dawa ya iodini wafuatiliwe tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, ndani ya wiki 3, kwa sababu iodini nyingi inaweza kuizubaisha tezi kwa muda, na hasa vichanga, njiti na watoto wenye magonjwa ya moyo. Kama hamkuambiwa, ulizeni mkirudi kliniki na mtaje tarehe aliyopigwa CT.